Divai ya Paroko

Nilipofika Castagnole Monferrato, kijiji cha kaskazini mwa Italia, miaka ya 1980, mwanafunzi wa kutoka Dodoma anayetafuta kibarua cha kuvuna zabibu, ruchè, zabibu nyekundu ya huko, ilikuwa bado ya divai ya nyumbani. Mzee aliyetuajiri alikuwa na safu chache tu katikati ya shamba la zabibu nyingine, barbera, na ole wako uchanganye vishada. Barbera ilijaa kwenye makreti ikaenda kuuzwa. Ruchè ilikamuliwa peke yake, ikaachwa na utamu wake, ikawekwa chini ya ngazi kungoja Noeli, arusi au mgeni wa maana.

Kwetu Dodoma nilikua nikinusa mchuzi wa zabibu ukichacha, nikadhani hakuna jipya. Lakini ile glasi ilinukia waridi, kisha pilipili manga, na ukimeza ulimi unakauka kidogo. Divai nyekundu yenye harufu ya bustani!

Wakulima wengi walikuwa wameshaing'oa ruchè. Huiva mapema, ina sukari nyingi, na nyigu huijua kabla ya mwenye shamba. Barbera inazaa zaidi na haina makuu. Aliyeugeuza upepo ni Don Giacomo Cauda, paroko aliyefika kijijini mwaka 1964 akakuta mizabibu hiyo kwenye shamba la parokia. Badala ya kuikamua pamoja na nyingine kama desturi, aliitenga, akaongeza safu, akaanza kuuza kwa chupa. Asubuhi misa, mchana trekta. Mzee wetu alikuwa akisema paroko ameongeza dhambi moja kwenye orodha, ya kuchanganya ruchè.

Hadhi rasmi ya DOC ilikuja mwaka 1987, na DOCG, daraja la juu kabisa Italia, mwaka 2010. Sasa divai yenye hadhi hiyo inaruhusiwa kutoka vijiji saba tu, kimojawapo Portacomaro walikotoka wazee wa Papa Fransisko, jambo ambalo huwezi kuondoka huko bila kuambiwa. Sheria inakubali barbera au brachetto isiyozidi asilimia 10. Zamani tulisimuliwa kwamba mche uliletwa na watawa kutoka Burgundy; vipimo vya vinasaba vikaja kuonyesha kwamba mmoja wa wazazi wake ni croatina, zabibu ya hukohuko kaskazini mwa Italia.

Utamu umeondoka. Ruchè ya leo ni kavu, kilevi kinapita asilimia 14 bila shida, na chupa ina lebo nzito. Binafsi naikumbuka ile ya chini ya ngazi, ingawa nakiri isingelipa hata mshahara wa mpogoaji mmoja, na shamba lisilolipa hung'olewa. Mjukuu wa yule mzee ameongeza mizabibu hadi ukingo wa barabara na anauza Marekani. Bibi yake, kila anapomiminiwa, huongeza maji kwenye glasi mbele ya wateja, na mjukuu hujifanya anatafuta kizibuo.