Ndege ya mabomu ya maboksi: Safari ya vifaa kutoka Keko hadi Mwenge

Mtoto wa Yombo Vituka hukua na mlio wa injini masikioni. Eneo hilo la Temeke ni jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, na kabla hajasoma vizuri anaweza kukueleza ipi ni ndege ya panga boi na ipi ni jeti. Ndiyo maana uani hazikosekani ndege za maboksi, za waya na za vijiti, nyingi zikiwa na twiga mkiani kama zile za Air Tanzania.

Lakini mtoto aliyesikia habari za Vita vya Kagera kutoka kwa babu yake anaweza kutaka nyingine: ndege ya mabomu ya zamani. Hapo mzazi husita. Je, amkatalie?

Hakuna haja ya kumkatalia. Anachohitaji ni mtu mzima wa kukaa naye mkekani, kwa sababu mbili: vidole vyake, na habari ya ndege yenyewe.

Ndege iliyokuja Mwanza

Ipo ndege ya kuunda ambayo ni sehemu ya historia yetu. Ni Tupolev Tu-22, jeti ya Kisovieti iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1958. Machi 1979, wakati wa vita dhidi ya Idi Amin, ndege ya aina hiyo kutoka Libya, nchi iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilitumwa kupiga Mwanza. Mabomu yaliukosa mji yakaangukia kisiwa cha Saa Nane, ndani ya Ziwa Victoria, na kuua wanyama waliokuwa wakihifadhiwa hapo. Leo kisiwa hicho ni Hifadhi ya Taifa.

Kwa fundi mdogo, Tu-22 ina sura ya kipekee. Pua yake ni ndefu na imechongoka, mabawa yamelalia nyuma, na injini zake mbili hazipo chini ya mabawa bali zimepandishwa juu, ubavuni mwa mkia.

Hesabu kabla ya mkasi

Anzeni na rula. Chagueni skeli ya 1 kwa 100, kwa sababu ni rahisi: mita moja ya ndege halisi inakuwa sentimita moja mezani. Tu-22 ina urefu wa takriban mita 41.6 na upana wa mabawa wa mita 23 hivi. Yenu basi itakuwa na urefu wa sentimita 41.6 na mabawa ya sentimita 23.

Mwambie achore pembeni Airbus A220-300, mojawapo ya ndege za Air Tanzania anazoziona zikipita. Hiyo ina urefu wa mita 38.7 na mabawa ya mita 35.1. Ataona mwenyewe kwamba ndege ya mabomu ni ndefu zaidi, lakini mabawa yake ni mafupi kwa sentimita 12. Muulize kwa nini. Jibu ni kwamba Tu-22 ilitengenezwa kuipita kasi ya sauti, na kwa mwendo huo mabawa mapana huleta ukinzani mkubwa wa hewa. Airbus haina haraka hiyo. Inataka kubeba abiria wengi kwa mafuta machache. Somo la skeli alilolisoma darasani sasa analishika mkononi.

Keko kwa mbao, dukani kwa maboksi

Keko, mtaa wa mafundi samani, vipande vya mbao laini havikosekani. Omba kimoja cha kuchongea pua. Mwili utengenezeni kwa karatasi ya manila iliyoviringishwa kwenye kijiti na kugandishwa. Mabawa ni tabaka mbili za boksi gumu, kisha vijiti vya mishikaki vipite ndani yake hadi mwilini ili yasilegee. Injini ni vipande viwili vya maka peni iliyokwisha wino. Kioo cha rubani hutoka kwenye chupa ya maji.

Kuna kitu kimoja ambacho mtoto asiokote popote: chuma asichokijua. Wakazi wa Mbagala hawahitaji kuelezwa sababu. Aprili 29, 2009, mabomu yalilipuka katika ghala la jeshi huko, watu zaidi ya 20 wakafariki dunia na nyumba nyingi zikabomoka. Wazazi wengi wa leo walikuwa watoto siku hiyo na wanakumbuka walikokimbilia. Mfundishe mwanao kwamba akikuta chuma cha ajabu, iwe shambani, ufukweni au kwenye vyuma chakavu, asikiguse wala kukipiga teke. Asogee mbali, amwambie mtu mzima, na polisi waitwe.

Mwenge kwa msasa, Oysterbay kwa rangi

Tukivuka kwenda Kinondoni, wachongaji wa vinyago wa Mwenge wana somo la uvumilivu. Kinyago haking'ai kwa siku moja. Husuguliwa kwa msasa mkali, kisha laini, kisha laini zaidi. Pua ya ndege inataka hivyo hivyo. Sugueni nje penye hewa, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji badala ya kupulizwa.

Oysterbay ndiko ilikozaliwa sanaa ya Tingatinga, ambayo Edward Saidi Tingatinga aliianzisha mwaka 1968 kwa kutumia rangi za mafuta zinazong'aa. Rangi za namna hiyo huvutia, lakini si zote zinazomfaa mtoto. Baadhi ya rangi za mafuta zina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama. Huathiri ubongo unaokua, na mtoto huyameza kwa mikono isiyonawa. Tumieni rangi za maji za shuleni, wala msisugue ubao wenye rangi kuukuu.

Gundi nayo ichaguliwe. Ile ya viatu hutoa mvuke unaoleta kizunguzungu na kuumwa kichwa, hasa chumba kikiwa kimefungwa. Gundi nyeupe ya mbao au uji mzito wa unga wa ngano unatosha kabisa kwa boksi.

Wembe ushikwe na mzazi. Mtoto apime na kuchora mistari. Akijikata, oshea jeraha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha bana kwa kitambaa safi. Jeraha la kina au lililoingia uchafu lipelekwe kituo cha afya, na uende na kadi ya kliniki. Chanjo ya pepopunda anayopata mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14 ni kinga ya mwanzo, na mhudumu ataona kama anahitaji nyongeza. Vipande vidogo visiachwe sakafuni kama kuna mdogo wake wa chini ya miaka mitatu, vinaweza kumpalia.

Maneno matatu ya kibao

Rangi ikikauka, chora kwa penseli iliyochongwa vizuri mistari ya mabati na milango ya magurudumu. Kisha tundika ndege kwa uzi au iweke juu ya kijiti chenye kitako cha mbao.

Usisahau kibao kidogo. Mwache mtoto aandike mwenyewe mambo matatu: jina la ndege, skeli yake, na kilichotokea ilipokuja kwetu. Hilo la tatu ndilo litakalowachukua muda. Atauliza mabomu yaliangukia wapi, nani alikufa, na ingekuwaje kama yangeupata mji. Mjibu ukweli kwa kadiri ya umri wake, bila kumtisha na bila kuifanya vita sinema. Swali hilo lisingekuja mezani kama ungemnyang'anya boksi siku ya kwanza.