Udongo Tuliouchanganya

Mwaka wa kwanza wa bustani ya vijana tulimgombeza binti mmoja mbele ya wenzake. Kila kijana alikuwa amepewa tuta moja nyuma ya kikanisa chetu hapa Shituru, na wote walipanda maharage siku ile ile, kutoka mfuko mmoja wa mbegu. Matuta ya wengine yalijaa majani. Tuta lake lilitoa miche ya manjano, ikadumaa, ikakauka kabla ya kufikia kimo cha kiganja. Tulikuwa tumetoka kufundisha mfano wa mpanzi, na ulimi wa katekista hauchelewi kupata mahali pa kuutumia mfano. Tukamwambia kwamba mbegu ni ile ile na jua ni lile lile; kilichopungua ni moyo wake. Hakujibu. Alichukua jembe lake akaenda zake, na Jumapili mbili zilizofuata hatukumwona.

Aliyetufumbua macho ni mzee mmoja wa jumuiya yetu, ambaye katika ujana wake alitembea porini pamoja na watafutaji wa madini. Alisimama kando ya lile tuta, akainama, akang'oa kimmea chenye maua ya zambarau. "Mwalimu," alisema, "hili ni ua la shaba. Sisi tulikuwa tukiliona, tunachimba. Hapa hamtavuna maharage, hata mkisali rozari usiku kucha."

Wataalamu wa mimea huliita Haumaniastrum katangense. Hustawi katika udongo wenye shaba nyingi, mahali ambapo mimea mingi hufa. Hata wachunguzi wa mambo ya kale wamelitumia kama alama ya kupatia sehemu ambako mababu zetu waliyeyushia shaba. Nasi, kwa miaka mingi, tuliwatazama watoto wakilichuma na kuliweka miguuni pa sanamu ya Mama Maria, tukalisifu kwa uzuri wake, bila kujua lilikuwa linatuambia nini.

Vijana wapendwa, ninyi mnaoishi Shituru na Panda hamhitaji kuelezwa moshi ni kitu gani. Tangu mwaka 1929, shaba imesafishwa hapa kwa umeme na asidi. Wengi wetu tulilipiwa karo kwa mshahara wa kazi hiyo, na hatuandiki haya ili kumtia mtu kidole jichoni. Lakini udongo hautunzi shukrani, hutunza vumbi. Shaba ikizidi huumiza mizizi na kuuzuia mmea kupata chuma, na ndiyo maana majani hugeuka manjano. Matuta ya wale wengine yalistawi kwa sababu upande wao palimwagwa udongo wa kichuguu wakati wa kufyatua matofali ya kikanisa. Binti yule alikuwa amepewa tuta lililokuwa nje ya mpaka huo, kwa hatua nne tu. Na aliyeyagawa matuta ni sisi.

Tulisomea ualimu. Jambo la kwanza tulilofundishwa chuoni ni kwamba mwanafunzi anaposhindwa, mwalimu achunguze kwanza somo lake mwenyewe. Tulikwenda nyumbani kwao jioni, tukaomba msamaha mbele ya mama yake na nyanya yake. Mama alitukaribisha kiti. Nyanya hakutukaribisha kitu. Binti alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Basi, Mwalimu, tutapanda wapi?"

Swali hilo lilikuwa zito kuliko alivyodhani, maana kustawi kwa mboga si ushahidi wa usalama wake. Lengalenga linaweza kunawiri huku likibeba shaba na kobalti ndani ya majani. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikutwa na kobalti nyingi mno katika mkojo wao. Na mboga za matuta yale yaliyostawi tulikuwa tukiwapelekea wazee wa parokia wasioweza kwenda sokoni.

Tukaacha kuilima ardhi ya pale, tukaanza kupanda katika ndoo zinazojinywesha. Ndoo ya lita 20 iliyobeba mafuta ya kula (kamwe si bidoni lililobeba asidi, hata likioshwa mara saba) huwekewa ndani yake bakuli la plastiki lenye matundu, limefunikwa kifudifudi. Chini ya bakuli ni nyumba ya maji. Katikati yake hupita kikombe kilichotobolewa, kimeshindiliwa udongo, kikisimama majini kama mguu. Tete la mwanzi hushusha maji kutoka juu, na tundu moja ubavuni, chini kidogo ya kitako cha bakuli, hutoa yanayozidi ili mizizi isizame. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, ndoo hiyo huvumilia siku kadhaa bila kuguswa.

Ndoo ni rahisi kutengeneza. Kilichotutoa jasho ni udongo wa kuijaza.

Mara ya kwanza tulijaza udongo wa kichuguu na samadi, kwa sababu kichuguu kilikuwa kimeokoa matuta. Ukalowa, ukagandamana kama tope la matofali, hewa ikakosa njia, mizizi ikaoza kwa harufu ya bwawa. Mara ya pili tulikimbilia mchanga. Maji yalikaa chini bila kupanda, na juu miche ikafa kwa kiu huku miguu yake ikiogelea. Maji hupanda kupitia vinjia vyembamba. Mchanga mnene hauna vinjia hivyo, na ufinyanzi unavyo tele lakini huifungia hewa mlango.

Mchanganyiko uliokubali ni wa yule binti. Alikuwa amerudi, akakaa pembeni akitazama makosa yetu kwa subira ambayo hatukumwonyesha yeye. Siku moja alileta chenga za makaa zilizobaki chini ya gunia la mama yake. Tukapima kwa kopo: mboji iliyoiva na kuchekechwa, makopo manne, mchanga, mawili, kichuguu kilichopondwa, moja, chenga za makaa zenye ukubwa wa punje ya mchele, moja. Mchanga usitoke katika mito inayopita chini ya viwanda, wala mboji isitokane na nyasi za mahali penye ua la shaba. Udongo ulowanishwe kabla ya kujazwa. Ukiufinya kiganjani ushikane, ukiugusa kwa kidole uvunjike. Mguu tu ndio ushindiliwe. Maji ya kwanza yamwagwe kutoka juu, ili yale ya chini yapate njia ya kuyafuata.

Ndoo haizuii vumbi linaloanguka kutoka angani. Majani bado huoshwa kwa maji safi, mara mbili.

Injili ya Luka, sura ya 13, ina mtini usiozaa na mtunza shamba aliyeomba aongezewe mwaka mmoja, apalilie na kutia samadi. Kwa miaka zaidi ya ishirini tuliifundisha sehemu hiyo kwa kusisitiza shoka. Vijana wa Kiro na Xaveri waliopita mikononi mwetu watakumbuka jinsi tulivyoipaza sauti mwishoni. Samadi tuliitaja kwa haraka, kama kitu kisichofaa kukaa sana mdomoni mwa katekista.

Kiangazi kilichopita tulikuwa na ndoo ishirini kando ya ukuta wa kikanisa. Binti yule ndiye anayewapimia wadogo zake makopo, na hamruhusu yeyote, hata sisi, kuongeza kichuguu kwa kukadiria. Tuta lake la zamani hatulilimi tena. Ua la shaba limelijaza lote, na mvua zinapokwisha huenda mwenyewe kulichuma kwa ajili ya altare.