Majina ya Vyeo

Katika Zone Industrielle, mtaa wa viwanda hapa Bujumbura, husikika Kirundi, Kifaransa, Kiswahili, na siku hizi Kichina pia. Likizo iliyopita nilikuwa nikimsaidia mjomba wangu katika bohari moja ya mtaa huo. Mpagazi mmoja hakulipwa ujira wake wa siku tatu. Alimlalamikia fundi, kisha karani, kisha zamu wa mlangoni. Hakuna mwenye amri kati yao. Kwa kuwa hakujua cheo cha mwenye amri, alirudi kwake mikono mitupu. Tangu hapo nayachunguza majina ya vyeo.

Mafundi wa Kichina waliokuja kufunga mashine jirani walinieleza yao. Kwa Kichina, zhang maana yake ni mkubwa au mkuu, nalo hutiwa mwisho wa jina. Sheng ni jimbo, na shengzhang ni mkuu wa jimbo. Shi ni mji, na shizhang ni meya. Xian ni wilaya, na xianzhang ni mkuu wa wilaya. Hata kiwanda, yaani chang, kina changzhang wake. Basi ajuaye neno hilo moja amekwisha pata vyeo vingi.

Kiswahili nacho chafanya vivyo hivyo, ila chatanguliza mkuu. Watanzania husema mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya. Sisi Warundi twasema umukuru w'umutumba, yaani mkuu wa kilima. Lakini gavana twamwita Buramatari, neno lililotoka Kikongo, maana yake mvunja mawe. Ndilo jina aliloitwa Stanley alipokuwa akipasua njia kando ya mto Kongo, mnamo mwaka 1880. Jina hilo halielezi hata kidogo kazi ya gavana.

Kichina nacho kina mtego wake. Fu ni makamu, lakini kwa adabu watu huliacha neno hilo wamwitapo mtu; makamu wa kiwanda huitwa changzhang tu. Mgeni atadhani amemfikia mwenye neno la mwisho, kumbe bado.

Wako wasemao kwamba vyeo ni mambo ya wakubwa. Mimi naona ni mambo ya wadogo zaidi, kwa maana mkubwa aujua mlango wa kubisha. Basi wanafunzi wenzangu, sisi tujuao kusoma tuwaeleze jirani zetu majina haya kwa lugha waielewayo, ili mnyonge ajue haki yake yadaiwa kwa nani.