Mkono wa Kilango
Burt Rutan wa Marekani alipochora ndege ya Long-EZ, watu wapate kuiunda majumbani mwao, aliweka mkono wa kilango cha petroli baina ya miguu ya rubani. Mwundaji mmoja aliuhamishia nyuma ya bega la kushoto, petroli isipite chumbani mwa rubani. Hadhari njema, yamkini. Mwimbaji John Denver akainunua ndege hiyo. Tarehe 12 Oktoba 1997, huko California, mkono ulikuwa mgumu, tena mbali. Yeye na fundi wakajaribu koleo la kuushikia, na fundi akampa kioo cha kutazamia vipimo vya petroli vilivyokuwa nyuma yake. Kioo badala ya matengenezo! Aliruka bila kuongeza petroli. Wachunguzi walieleza kuwa alipojipinda kuutafuta mkono ule, mguu wake wa kulia ulikanyaga usukani, ndege ikatumbukia baharini pamoja naye.