Mtumba, Merikani na Jina Lililoshonwa Juu

Neno mtumba halikuzaliwa kwenye nguo kuukuu. Katika kamusi za zamani mtumba ni furushi, hasa furushi la nguo lililofungwa likawa mzigo wa mpagazi, na nguo zenyewe zilikuwa mpya. Misafara iliyofika Kafuro, kule Karagwe, katika karne ya 19 ilibeba mizigo ya namna hiyo, na kitambaa kilichosifika sana ndani yake kilikuwa merikani. Kiliitwa hivyo kwa sababu kilitoka Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoivuruga biashara ya Wamarekani, viwanda vya Manchester na Bombay viliingia sokoni, na merikani ikaendelea kuuzwa ilhali haijapata kuiona Marekani. Jina lilibaki, bidhaa ikabadilika. Wanaodhani ujanja wa lebo umeletwa na simu za mkononi wamechelewa sana.

Majirani nao wana maneno yao. Waganda husema mivumba. Wanyarwanda husema caguwa, ambalo ni chagua letu lililovuka mpaka. Wazee wetu walisema kafa Ulaya, yaani mwenye nguo amefia huko. Hilo nalipenda kuliko yote, maana halikumficha mtu kitu. Yanayonitia shaka ni maneno mapya: orijino, daraja la kwanza, mabaki ya kiwandani. Ni kweli kwamba kampuni kubwa hubakiwa na nguo na kuzitoa kwa bei ya chini. Lakini tamko la muuzaji si hati ya mzigo.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye huuza nguo katika magulio ya Muleba, aliona picha za mashati kwenye simu: lebo za Italia na Ufaransa, bei robo ya ile ya madukani. Akakopa laki tisa katika kikundi chao cha kuweka na kukopa, akazituma kwa muuzaji aliyeko Dar es Salaam. Robota lilifika Bukoba kwa basi. Alinifuata nyumbani na mashati matatu.

“Shikamoo Mwalimu. Naomba unisomee hizi lebo.”

Nilisoma. Jina moja lilikuwa na herufi iliyozidi, na miaka yangu ya kusahihisha madaftari ilitosha kuiona. La pili liliandikwa sawasawa, ila chini ya lebo palikuwa na matundu ya uzi wa lebo nyingine iliyobanduliwa. Shati la tatu lilikuwa jema tu, limechakaa ukosi. Muuzaji alipopigiwa simu alijibu kwamba robota likishakatwa kamba halirudi.

Sisi wa Kagera tunayo butura: mkulima aliyebanwa na shida huuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa maua, kwa bei ya kutupa. Serikali imeikemea miaka nenda, miaka rudi. Robota lililofungwa ni butura iliyopinduliwa. Hapa mnunuzi ndiye anayefumba macho.

Swali lake halikuwa la lebo hasa. Alitaka kujua kama anaweza kuyauza Kamachumu kwa jina lile lile, “kwani Mwalimu, nani kule atajua?” Nilimwambia, mwanangu, ipo Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na Tume ya Ushindani inapokamata bidhaa bandia haimtafuti aliyeko Dar es Salaam kwanza, humkuta mwenye meza. Tena wateja wake ni wale wale kila wiki, wengine wakwe zake.

Akachukua wembe akabandua lebo zote, akayauza kama mashati, basi. Amelipa nusu ya deni. Nusu nyingine kikundi kimekubali kuisubiri hadi msimu wa kahawa, watu watakapokuwa na fedha ya kununua nguo.