Cha Kiwanda na Cha Nyumbani

Binadamu hupenda sana neno "upya". Nyumba hupakwa chokaa upya, mwaka huanzwa upya, na waliogombana hushauriwa waanze upya. Kompyuta nayo imetuletea upya wake. Mashine iliyochoka, iliyojaa virusi na programu zisizojulikana zilikotoka, huweza kurudishwa katika hali iliyokuwa nayo siku ilipotoka kiwandani. Vijana wetu hulitaja jambo hili kwa wepisi, kama mtu anayesema anakwenda kunyoa nywele. Mimi naliona zito kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza, ndugu msomaji, tuelewe linavyofanyika. Katika miaka ya 1990, aliyenunua kompyuta mara nyingi alipewa diski za CD zenye nakala ya yale yaliyowekwa na kiwanda. Alitakiwa azitunze kabatini, na wengi walizipoteza. Baadaye watengenezaji waliificha nakala hiyo ndani ya kompyuta yenyewe, katika sehemu ya diski iliyotengwa, ambayo mwenye mali haigusi katika kazi zake za kila siku. Ndiyo maana mtu akiwasha kompyuta nyingi za HP huku akibonyeza F11, au za ASUS kwa F9, au za Acer kwa Alt pamoja na F10, hufunguliwa mlango wa kuingilia huko. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, mlango huo unapatikana pia katika mipangilio ya Windows.

Ukishaingia, utaulizwa maswali machache. Je, ubakize faili zako au uondoe kila kitu? Na kama ni kuondoa kila kitu, je, ufute kwa haraka au usafishe diski yote? Kufuta kwa haraka ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo katika kitabu. Kurasa nyingine zimebaki, na mjuzi huweza kuzisoma hadi hapo yatakapoandikwa mengine juu yake. Kusafisha diski huweza kuchukua saa nyingi, lakini ndiko kunakomfaa mtu anayemuuzia kompyuta yake mgeni asiyemjua.

Hayo niliyajua kwa miaka mingi, kwani mimi ni yule mtu ambaye kila ukoo unaye, anayeletewa kila kitu chenye waya. Lakini uzito wake niliuona mwaka 2022, tulipoifungua kompyuta ya marehemu kaka yangu.

Kaka alikuwa mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari. Kompyuta yake ya mapajani aliinunua mwaka 2014, na aliitumia mpaka herufi A ikafutika kabisa kwenye kitufe chake, maana Kiswahili hakiandikiki bila A. Alipofariki iliwekwa juu ya meza, ikafunikwa kitambaa. Mwaka uliofuata binti yake, ambaye ni mwanangu pia, alipata nafasi katika chuo kikuu kimoja mjini Morogoro, na fedha ya kununua nyingine haikuwapo.

"Baba mdogo," aliniambia, "naomba uifute yote, ianze moja."

Mama yake alisikia, akasimama mlangoni. "Shemeji, usifute kitu humo," alisema, akarudi jikoni.

Wote wawili walikuwa na haki. Mtoto aliona chombo kinachochukua robo saa kuwaka, naye alikuwa na miaka mitatu ya masomo mbele yake. Mama aliona kitu ambacho mumewe alikishika kila jioni baada ya chakula. Kwake kufuta kulikuwa kama kuzika mara ya pili.

Nikawaomba twende kwa utaratibu. Nilileta diski ya nje, tukanakili folda zote za marehemu. Kisha nikawaambia kwamba nakala isiyofunguliwa haina uhakika, kwani faili huweza kuonekana kwa jina na isisomeke ndani. Basi tukakaa watatu kuzifungua. Nyingi zilikuwa mitihani ya kidato cha pili na cha nne, ratiba za vipindi, na picha za mahafali. Shemeji alicheka mara moja alipoiona barua ya kuomba ukarabati wa choo cha shule, iliyoandikwa kwa ukali kama hotuba ya bungeni.

Katika folda iliyoitwa "Mengineyo" tukakuta karatasi moja yenye kichwa "Madeni".

Siku ya mazishi, kama ilivyo desturi, familia ilitangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze. Walijitokeza wawili, wakalipwa. Karatasi ile ilikuwa na majina matatu. Wa tatu alikuwa seremala aliyetengeneza kabati la vitabu lililokuwa nyuma yetu pale pale sebuleni, na mbele ya jina lake kaka alikuwa ameandika: "bado 120,000". Seremala huyo alihudhuria mazishi, alisaidia kubeba jeneza, na alinyamaza.

Wiki ile ile tulimfuata kwenye karakana yake. "Mimi nilishamsamehe pale pale makaburini," alisema.

Shemeji akamjibu, "Umemsamehe yeye. Sisi bado."

Basi akapokea. Tulipofika nyumbani shemeji akaondoa kile kitambaa mwenyewe, akaniambia, "Sasa futa."

Niliunganisha chaja, kwa sababu betri ilikuwa imekwisha nguvu, na kompyuta huwa haikubali kuanza kazi kama hiyo bila umeme. Nikachagua kufuta kwa haraka, maana chombo kilikuwa kinabaki mikononi mwa mtoto. Ilipomaliza iliuliza lugha, nchi, na jina la mtumiaji, kama kwamba haijapata kumjua mtu yeyote duniani. Ilikuwa imerudi mwaka 2014, na Windows 8.1 yake, na programu za majaribio ambazo kiwanda kiliziweka na sisi tukaziondoa. Aidha, nyufa zote za usalama zilizozibwa kwa miaka minane zilikuwa wazi tena, hivyo ilibidi tuihuishe kwanza kabla ya kuiamini kwenye intaneti. Anayefanya kazi hii leo akumbuke kwamba matunzo ya kawaida ya Windows 8.1 yalikoma Januari 2023, na ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kuirudisha mashine mwanzoni hakuurudishi ulimwengu uliokuwapo wakati huo. Betri nayo ilibaki ile ile chovu, na herufi A haikuonekana.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaza jambo moja. Kiwanda hukumbuka cha kiwanda. Hicho kimefichwa mahali salama, nacho hurudi hata kama hukihitaji. Lakini cha nyumbani, yaani barua, picha, na jina la mtu tunayemdai au anayetudai, hakipo katika nakala ya kiwanda, na hakuna kitufe cha kukirejesha. Kina kumbukumbu moja tu, nayo ni ya wenye nyumba. Lau tungefuta siku ile mtoto alipoomba, mashine ingewaka vizuri vile vile, na sebuleni pangebaki kabati ambalo hakuna aliyejua kwamba halijalipiwa.

Kwa hiyo nikiletewa kompyuta siku hizi, siulizi kwanza neno la siri. Nauliza ni nani wengine wenye chao humo ndani, na kama wameketi pamoja wakatazama. Kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko kufuta kwenyewe, na baadhi ya watu hukasirika wakaenda kwa fundi mwingine.

Binti yetu alikwenda chuoni na kompyuta yake nyepesi. Diski ya nje imo katika kabati lile lile la seremala, na nakala ya pili ninayo mimi, kwani nakala moja si akiba. Kila mwaka tunaziunganisha na kufungua faili chache kuona kama bado zinasomeka. Shemeji huchagua ile barua ya choo.