Usiniulize Paneli Ngapi, Niulize Nani Anaoga Saa Ngapi

Nikiambia watu tunapanga kuweka sola nyumbani, swali ni moja tu: "Paneli ngapi?" Hakuna anayeuliza betri. Hakuna anayeuliza tunataka kuwasha nini. Ni paneli ngapi, kama vile tunahesabu ng'ombe za mahari. Na mimi sai nimezoea kujibu swali kwa swali: kwenu mnaoga na nini, na saa ngapi?

Wacha nieleze.

Sisi tuko Ruai, nyumba ya mabati, watu wanne: Mama, shosho, kakangu mdogo aliye kidato cha tatu, na mimi. Shosho ana kisukari na anatumia insulini. Hiyo ndiyo sababu ya stori yote hii. Si muvi, si kupunguza tokeni, ingawa tokeni zikipungua sitalia. Insulini ambayo haijafunguliwa inakaa kwa friji, kati ya digrii 2 na 8. Ikiganda imeharibika. Ikipigwa na joto imeharibika. Na ubaya ni kwamba unaweza kuiangalia kwa macho na usione tofauti yoyote. Ile ameshafungua inaweza kukaa nje karibu wiki nne bora isiwe mahali pa joto, lakini zile za akiba lazima zikae kwa baridi.

Stima ikipotea masaa mawili matatu, hakuna noma. Friji isipofunguliwa-funguliwa inashika baridi kama masaa manne. Shida ni zile za kupotea Ijumaa jioni, transfoma imelipuka, mnaambiwa mafundi wako njiani, na hiyo njia inaisha Jumapili usiku. Hiyo ilitupata mwaka jana. Tulitupa chupa tatu mpya, na Mama akanunua zingine na pesa iliyokuwa imewekwa ya karo. Shosho hakulalamika hata kidogo. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Na msiseme ni mambo ya Ruai tu: usiku wa Agosti 25, 2023 nchi karibu yote iliingia giza, hadi uwanja wa ndege wa JKIA.

Kwa hivyo Mama akaomba mkopo wa sacco, 160,000. Ukishasikia mkopo wa sacco unajua hapo hakuna kubahatisha. Hiyo pesa atailipa miaka mitatu, sola ifanye kazi au isifanye.

Mjomba, kwa roho safi kabisa, akatuletea fundi wake. Fundi akasimama nje, akaangalia paa kama dakika moja, akasema, "Hapa tunaweka kilowati tano, inabeba nyumba yote." Hakuingia ndani. Hakuuliza friji iko wapi. Jioni akatuma kotesheni kwa WhatsApp: inveta ya wati 5,000, paneli nne za wati 250, na betri moja ya volti 12, ampea-saa 200. Mjomba akafurahia sana hiyo namba tano. Kilowati tano inasikika kama kitu.

Sasa angalieni hiyo betri. Volti 12 mara 200 ni wati-saa 2,400. Lakini ni betri ya jeli, na hizo ukitaka zidumu huzimalizi, unatumia nusu tu. Zimebaki 1,200. Inveta ya wati 5,000 ikifanya kazi yake yote, hiyo 1,200 inaisha kwa chini ya robo saa. Robo saa! Ni kama mtu akuuzie matatu ya watu 33 yenye tangi la pikipiki. Namba ya inveta inakuambia unaweza kuwasha vitu vizito kiasi gani kwa wakati mmoja. Haikuambii vitawaka kwa muda gani. Hiyo ni kazi ya betri, na nani anarudisha kilichotumika ni kazi ya paneli. Mtu akikupa namba moja tu, anakuuzia jina.

Nikachukua daftari.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nane: wati za kifaa mara masaa kinayofanya kazi. Kwa taa ni rahisi. Tuko na balbu sita za LED za wati 7, masaa matano kila usiku, hiyo ni 210. Runinga ya inchi 32 inakula wati 45, masaa manne, 180. Rauta ya waifai ni wati 10 tu, ndogo sana, lakini haizimwi, kwa hivyo siku nzima ni 240, yaani inashinda runinga. Simu zetu zote na laptop yangu, weka 240 nyingine.

Friji ndiyo haitaki makisio. Imeandikwa wati 90 nyuma, lakini haifanyi kazi muda wote, inawaka na kuzima kulingana na joto na vile kakangu anaifungua kuangalia kama kuna kitu kipya tangu dakika tano zilizopita. Kuna kile kimita cha kuchomeka kwa soketi, unachomeka friji juu yake na inakuhesabia. Niliazima cha rafiki, nikakiacha siku nne, nikagawanya. Ikaja wati-saa 900 kwa siku. Kama utafanya kitu kimoja tu kutoka kwa hii stori, fanya hicho. Usitumie namba ya friji ya mtu wa TikTok. Friji yenu ina raba yake ya mlango na watu wake.

Jumla ikawa 1,770. Halafu kuna kitu ambacho wauzaji hawakitaji: inveta yenyewe inakula. Hata kama hakuna kitu kimewashwa, ile tunayoangalia inameza kama wati 20, usiku na mchana, na hiyo ni 480 kwa siku. Inazidi rauta mara mbili. Ongeza umeme unaopotea ukibadilishwa kutoka wa betri kuwa wa nyumba, tunafika karibu 2,600. Hiyo ni yuniti mbili na nusu na kidogo. Ukiiangalia hivyo si nyingi. Hapo nikaona hii kitu inawezekana.

Halafu nikaenda bafuni.

Ile shawa yetu ya umeme, ile tunaita instanti, ni wati 5,000. Mtu mmoja akioga dakika 10 anakula wati-saa 830 hivi. Sasa linganisha na 900 za friji. Yaani kuoga kwangu mara moja ni karibu siku nzima ya baridi ya dawa ya shosho. Niliandika hizo namba mbili kwa ukurasa mmoja, kubwa, nikaweka daftari mezani wakati wa chakula cha jioni.

Kakangu akasema, "Kwa hivyo tuoge maji baridi juu ya sola?" Mama akasema si kwa nyumba yake. Mjomba, aliyekuwa amekuja na bado anatetea kilowati tano, akasema ndiyo maana tuongeze betri. Na ni kweli, ukiongeza betri na paneli za kutosha unaweza kuoga na sola. Sitaki kuwadanganya kwamba haiwezekani. Lakini watu wanne wakioga ni 3,300 kwa siku, peke yake, zaidi ya nyumba yote iliyobaki. Mfumo unakuwa zaidi ya mara mbili, na mkopo pia. Tungekuwa tunalipa sacco miaka sita ili tuoge.

Tukabishana kama nusu saa. Mwishowe ni shosho aliyeuliza swali ambalo hakuna mtu alikuwa ameuliza: "Na redio yangu umeiweka?"

Sikuwa nimeiweka, kwa sababu yeye hutumia mawe ya tochi, yale anatuma kakangu kununua dukani kila wiki mbili. Redio ni wati 5. Tukaichomeka kwa daftari hapo hapo. Halafu akasema kama ni yeye anapigiwa hizo hesabu zote, friji na redio zinamtosha, maji ya kuoga atachemshiwa kwa gesi. Baada ya hapo hakuna mtu angeendelea kutetea instanti bila kuonekana mbaya. Ikabaki upande wa stima ya kawaida, pamoja na birika la umeme na maikrowevu. Stima ikiwepo tunaoga kama mabosi. Ikipotea kuna sufuria.

Hii ndiyo maana nasema kupanga sola si mambo ya paa. Ni kikao. Ni nyumba kukaa chini na kuamua nini hakiwezi kungoja, na kuna mtu ataambiwa kitu chake kinaweza kungoja. Fundi hawezi kuwafanyia hicho kikao, na ukimwachia atauza namba kubwa zaidi.

Betri ilikuwa rahisi baada ya hapo. Kutoka saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili asubuhi tunatumia karibu 1,750. Kwa jeli tungehitaji mbili za ampea-saa 200, kwa sababu ya ile habari ya nusu. Kwa lithiamu, moja ya volti 24, ampea-saa 100 inatosha, maana hiyo unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiumiza. Lithiamu ni ghali siku ya kununua, lakini inachajiwa na kutumika mara nyingi zaidi kabla ichoke. Tumechagua lithiamu. Inveta ni wati 3,000, si kwa sababu tunatumia hizo zote, ila friji ikiwaka ile sekunde ya kwanza inavuta mara kadhaa ya wati zake, na inveta ndogo inaweza kuzima hapo. Pia iwe ile inatoa mawimbi laini kama ya stima ya kawaida. Zile za bei rahisi zinafanya mota ya friji ingurume na kupata moto. Na inaweza kuchaji betri kutoka kwa stima, kwa hivyo jua likikataa siku tatu, friji bado iko na njia ya pili.

Paneli sasa, kwa wale mmekuwa mkingoja. Mbili. Za wati 450. Jua la Nairobi ni zuri miezi mingi, lakini mimi nimepiga hesabu ya Julai, ile Julai ya sweta na mawingu wiki nzima, ambapo siku nzima ya mwanga ni kama masaa manne tu ya jua kamili. 2,600 gawa kwa nne ni 650, halafu unaongeza ya vumbi, joto la mabati na nyaya. Ukipanga kwa jua la Februari, Julai itakuaibisha.

Na zitaangalia kaskazini. Video nyingi za YouTube zinasema kusini, na zimesema ukweli, wa kwao. Wako Marekani na Uingereza. Sisi Nairobi tuko kusini kidogo mwa ikweta, digrii moja na robo hivi. Tofauti si kubwa, lakini katikati ya mwaka jua linapita kaskazini yetu, na hiyo ndiyo miezi ya mawingu, kila kitu kidogo kinahesabika. Mlalo ni kama digrii 10, mvua ioshe vumbi la barabara.

Kivuli nacho kilinipandisha juu ya paa mara tatu kwa siku moja, saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi, na simu mkononi napiga picha. Tangi letu la maji linatupa kivuli asubuhi. Jirani wa magharibi amemwaga slabu ya kwanza, na Nairobi mtu akimwaga slabu ya kwanza hujui atakomea ya ngapi. Paneli zikiunganishwa mfululizo, kivuli kwa moja kinarudisha zote nyuma. Kwa hivyo tumezisogeza upande wa mashariki, mbali na tangi.

Fundi mwingine tulimpata kwa kuuliza kitu kimoja kwanza: leseni ya EPRA. Mafundi wa sola Kenya wanapaswa kuwa nayo, na iko kwa madaraja, T1 hadi T3. Mfumo kama wetu unaochanganya sola na stima ya gridi ni wa T3. Uliza bila kuona haya. Huyu alikuja, akaingia ndani, akafungua friji, akaona chupa, akauliza ni za nani. Nikajua ni yeye.

(Kama unaishi kwa bedsitta Roysambu na paa ni la mwenye nyumba, samahani, nyingi ya hizi hazikuhusu bado. Lakini daftari linakuhusu. Anza na rauta na taa moja.)

Anafunga wiki ijayo. Friji itakuwa na laini yake peke yake, ili kakangu akichomeka kitu cha ajabu mahali pengine isizime. Mabishano yaliyobaki ni ya pasi. Mama anataka iingie. Pasi ni wati 1,000, dakika 10 ni kama 170. Saa saba mchana, jua likimwaga, sawa, piga pasi. Saa kumi na moja asubuhi kabla ya shule, hapana, hiyo ni betri ya shosho unachoma. Kwa hivyo imekubaliwa kwamba kakangu atapiga pasi mashati ya wiki nzima Jumapili baada ya chakula cha mchana. Yeye anasema hiyo si sola, ni jela. Mama amesema ataweka ratiba kwa mlango wa friji.